Goti la Mdakaji

Weller, Nebraska
14 Mei 2023

Baba,

Naomba baraka yako.

Naandika kwa mkono kama ulivyotaka, halafu naipiga karatasi picha na kumtumia dada Minerva akakuchapishie kwenye duka la fotokopi. Kwa simu hatuelewani tena. Nikipiga unanijibu "ndiyo, ndiyo" kwa maswali ambayo jibu lake haliwezi kuwa ndiyo. Mashine za kiwanda cha sukari zilikula masikio yako, basi na tuandikiane.

Mimi ni mzima, nimechoka tu. Basi letu lina harufu ya soksi na vitunguu, na nyanda za huku hazina mwisho. Unalala, unaamka, nje ni shamba lilelile la mahindi. Nikijitazama kwenye kioo cha dirisha naona mtu wa miaka thelathini na mitatu ambaye bado anavaa kaptura kwenda kazini.

Unauliza kwa nini nacheza siku chache. Nitakueleza polepole. Mwaka huu kwenye ligi yetu ya besiboli, ambayo ndiyo ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu, kuna siku za mashine na siku za mwamuzi. Jumanne hadi Alhamisi mwamuzi anasimama nyuma yangu mimi mdakaji, kama sanamu la kanisani, ana kidude sikioni. Kamera ndizo zinazotazama kama mpira wa mrushaji umepita juu ya kibao cha ardhini na ndani ya kisanduku cha kuwaza tu, zinamwambia, naye anatangaza: akiinua mkono wa kulia ni straiki, mpigaji amehesabiwa kosa; asipouinua, si straiki. Siku hizo hata nikidaka kwa kofia hakuna tofauti. Basi wanamweka Tanner Voss, mdakaji kijana anayepiga mpira mbali. Ijumaa hadi Jumapili mwamuzi anaamua kwa macho yake mwenyewe. Hizo ndizo siku zangu. Mwamuzi ni mtu, na mtu unaweza kumshawishi kwa namna unavyopokea mpira. Huo ujuzi ni wako, ulinipa uani kwetu.

Aliyeona kuwa mikono yangu ina thamani si kocha. Ni dada mmoja wa takwimu, Kirsten. Kihispania chake ni cha shuleni, hata mbwa wa mlinzi yeye humwamkia kwa heshima ya askofu. Kompyuta yake inajua kila mpira wa pembezoni mwa kisanduku, wadakaji wengine wangepewa straiki kwa kiasi gani, na mimi napewa kwa kiasi gani. Mimi napewa zaidi. Akijumlisha msimu mzima, zile straiki zinageuka kuwa pointi ambazo wapinzani hawakuzipata. Miaka yote hii wameniambia sijui kupiga, na ni kweli, sijui. Bila huyo dada ningekuwa nimesharudishwa nyumbani zamani.

Msalimu Minerva. Kunywa dawa ya presha hata siku unayojisikia vizuri.

Mwanao,
Radhamés


Consuelo, San Pedro de Macorís, Jamhuri ya Dominika
4 Juni 2023

Mwanangu,

Mungu akubariki.

Nimepokea barua. Sasa nisikilize mimi.

Jana Minerva alinipeleka dukani kwa Chepe. Aliegemeza simu yake kwenye chupa, tukakaa wote kukutazama: mimi, Chepe, Fello kinyozi, na wale wanaocheza domino. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Ukatokea. Ukajipanga nyuma ya kibao, ukaweka goti chini.

Nikadhani umeteleza. Mpira uliofuata, goti chini tena. Mchezo mzima ulikaa hivyo, kama mama anayefua nguo mtoni.

Fello akanipigia kelele sikioni, na wewe unajua Fello akimpigia kelele kiziwi mtaa mzima unasikia: "Mzee Eligio! Mwanao lini amekuwa padri?" Chepe akasema, "Mwache, anatuombea mvua." Mwingine akasema nikuandikie uwaombee na marehemu wake. Wakacheka mpaka mawe ya domino yakaanguka.

Radhamés, mimi nimeidakia timu ya kiwanda tangu mama yako hajanijua. Mchana nilisukuma mabehewa ya miwa, jioni nikachuchumaa kwa vidole vya miguu vipindi vyote tisa. Goti langu limegusa ardhi kanisani tu, na siku tulipomzika mama yako. Mdakaji hukaa kwa vidole. Akiweka goti chini ni mvivu, au ameumia. Niambie wewe ni yupi kati ya hao wawili.

Kama ni huyo mwanamke wa kompyuta amekufundisha, mwambie yeye achuchumae.

Dawa nakunywa.

Baba yako,
Eligio Berroa


Weller
18 Juni 2023

Baba,

Naomba baraka yako, na usinirukie kabla hujamaliza kusoma.

Si uvivu, na sijaumia. Goti langu ni zima. Kusema kweli, tangu nianze kukaa hivi halinisumbui kama zamani.

Ni takwimu. Kirsten alinikalisha mbele ya kompyuta akanionyesha mimi mwenyewe. Nikichuchumaa kwa vidole, glavu yangu inatoka juu kuufuata mpira wa chini, na mpira ukifika, mkono unashuka nao. Mwamuzi anaona kitu kinachozama, anakataa. Nikiweka goti chini, glavu inaanzia mchangani, inapanda, inaukuta mpira kwa chini. Mwamuzi anaona kitu kinachoinuka, anakubali. Mpira ni uleule, pahali ni palepale.

Sikupenda. Mwezi wa kwanza kila nilipopiga goti nilikusikia ukiguna nyuma yangu. Nikamwambia Kirsten, "Dada, kwetu hivi ni aibu." Akanijibu kwa ile heshima yake ya askofu, "Bwana Berroa, mimi aibu siwezi kuipima. Straiki naweza." Nikamwuliza, mpira ukidunda pembeni je, si nitachelewa kuuzuia? Na mkimbiaji akitaka kuiba kituo, akichomoka kabla mpira haujapigwa? Akasema ndiyo, utapoteza hapo, hesabu ninayo, na bado unachopata ni kikubwa kuliko unachopoteza. Hakunidanganya. Kwa hilo namheshimu.

Sasa kuna neno nataka nikuambie, na usilipeleke dukani kwa Chepe.

Klabu yetu kule juu, kwenye ligi kuu, ina wadakaji wawili. Huko hakuna mashine mwaka huu. Waamuzi ni watu siku zote za wiki. Kirsten anasema mmoja wa wale wawili akiumia, jina la kwanza kwenye ubao wao ni langu. Si la Voss. Langu.

Siku moja tu, Baba. Nivae ile jezi, nidake hata kipindi kimoja, halafu nirudi nyumbani niuze hata vocha za simu, sitalalamika. Nimesafiri kwa mabasi miaka kumi na tano kwa ajili ya siku hiyo. Kabla sijazeeka kabisa nataka niwe nimefika.

Mwanao,
Radhamés


Consuelo
16 Julai 2023

Mwanangu,

Mungu akubariki.

Ile habari ya glavu inayopanda nimeisoma mara nyingi. Minerva naye ameisoma akanifanyia kwa mikono, na sufuria. Sijaielewa. Mpira ni uleule, umesema mwenyewe. Kama ni uleule, kwa nini upige goti?

Lakini usiwaze tena juu ya watu wa dukani. Nimelimaliza lile jambo.

Neno lako la kuitwa juu sikulitoa. Limekaa na mimi. Nilichofanya ni hiki. Jumamosi Fello alipoanza tena habari za padri, nilipiga meza nikawaambia: "Goti la mwanangu limeumia, na bado anadaka. Anadaka na maumivu. Nani kati yenu angeweza?"

Fello akaniomba radhi. Chepe akaniwekea bia ambayo sikuiagiza. Hata Secundino, yule anayezitafutia klabu za huko vijana wa hapa, aliyejaza simu yake namba za mabosi na hachoki kuzitaja, alikuja kukaa karibu nami. Akaniuliza kwa adabu, ni goti lipi, tangu lini, anatembeaje. Nikamjibu vizuri, nikaongeza na chumvi kidogo. Nikasema kuna asubuhi unashuka ngazi kinyumenyume.

Sasa wakikutazama hawacheki tena. Ukipiga goti wanasema, "Maskini, mwanamume huyo." Na mimi naweza kukaa mbele.

Kwa hiyo endelea na goti lako kama lazima. Nimekutengenezea njia.

Baba yako,
Eligio Berroa


Weller
22 Agosti 2023

Minerva, dada yangu,

Barua hii ni yako. Usiichapishe, usimsomee mzee. Ya kwake nimeituma kando.

Wiki iliyopita mdakaji mmoja wa juu alivunjika kidole. Kocha wetu alipigiwa simu Jumamosi mchana tukiwa kwenye mazoezi. Nilimwona akinitazama, akageuka, akaendelea kuongea. Nikajua ni mimi. Nilivua glavu nikaiweka chini taratibu.

Kocha akaja. "Berroa, goti lako vipi?"

Nikasema, "Goti gani?"

"Usinifiche. Wenzako wa Jamhuri ya Dominika wanasema limekwisha. Kwamba unashuka ngazi kinyumenyume."

Nilicheka, Minerva. Nilidhani ni utani wa kwenye basi. Hakucheka. Akaniambia huko juu hawawezi kumwita mtu mgonjwa, wanataka goti lipigwe picha kwanza. Nikaruka mbele yake. Nikachuchumaa kwa vidole vya miguu pale pale, kama mzee anavyotaka, nikakaa hivyo huku anaongea. Akasema, "Naona. Lakini si mimi ninayeamua."

Picha ilichukua siku mbili kwa sababu ya Jumapili. Wao walihitaji mdakaji usiku uleule. Voss akaenda. Jumatatu daktari akasema goti langu ni safi kuliko la watu wa umri wangu. Akaniuliza nimelitunzaje. Nikamwambia nalipumzisha chini.

Kirsten alikuja kunitafuta kwenye chumba cha kufulia jezi. Macho yalikuwa mekundu. Akasema hesabu ilikuwa upande wangu, tena kwa mbali, na mabosi waliitazama, na ile habari ya goti ikaja juu yake kutoka kwa mtu wao wa Consuelo. Akasema, "Bwana Berroa, hesabu yangu haina mahali pa kuweka uvumi." Nikamwambia aende akale.

Miaka kumi na tano, Minerva. Na ulikuwa mwendo wa saa mbili tu kwa ndege.

Mzee asijue. Nimemwandikia kuwa takwimu zimenikataa. Yeye hazipendi takwimu hata hivyo, haitamgharimu kitu kuzilaumu. Akiuliza, wewe sema hivyohivyo. Nilikasirika siku ya kwanza, sikuficha, nilipiga teke ndoo ya maji. Leo sina hata nguvu ya kukasirika. Alikuwa ananitetea. Kwa njia anayoijua.

Kaka yako,
Radhamés


Weller
22 Agosti 2023

Baba,

Naomba baraka yako.

Utakuwa umesikia kwamba Voss ameitwa juu. Nilitaka uipate kwangu, si kwa Fello.

Ni takwimu. Safari hii walitaka mtu wa kurusha haraka kwenda kituo cha pili, kwa sababu sheria mpya zimewafanya wakimbiaji kuwa wezi wa vituo kuliko zamani. Mkono wa Voss ni mchanga. Wa kwangu walishaupima kwa saa, unachelewa. Ulikuwa sahihi tangu mwanzo, hizo kompyuta hazina shukrani. Hakuna mtu wa kumlaumu.

Msimu unaisha mwezi ujao. Kunywa dawa.

Mwanao,
Radhamés


Consuelo
10 Septemba 2023

Rada, kaka yangu,

Nilifanya ulivyoniagiza. Nilimpa mzee barua yake, akaisoma, akasema, "Nilijua. Kompyuta." Akaila vizuri ndizi yake ya kuponda, na vitunguu akamaliza. Siku kadhaa alikuwa anazitukana kompyuta kwa furaha kabisa, hata mashine ya benki aliitukana.

Lakini Secundino hana mdomo wa kufunga.

Jana wote walikuwa dukani wanatazama ligi kuu, na Voss alikuwa anadaka. Fello akasema, "Pale angekuwa Radhamés." Secundino akaegemea kiti, bia mkononi, akasema hapana, klabu ina akili. Akainama akapaza sauti sikioni mwa mzee, kwa upole kabisa, kama anayempa zawadi: "Mzee, mimi ndiye niliyewaambia mapema. Lile goti. Wasije wakambeba mgonjwa, akaaibika mbele ya dunia. Nimemsaidia mwanao."

Mzee akasema, "Rudia."

Akarudia. Mtaa mzima ulisikia.

Nilimwona mzee akihesabu kichwani, siku aliyotangaza habari ya goti, siku Voss alipoitwa. Kisha akanigeukia mimi. "Alichoniandikia ni uongo?" Rada, nisamehe, uso wangu ulishamjibu.

Akasimama. "Goti la mwanangu ni zima."

Secundino akasema, "Mzee, si wewe mwenyewe ulituambia?"

"Niliwaambia. Halikuwa na kitu. Mlikuwa mnanicheka, nikatafuta la kusema." Akamwambia Chepe amletee malimau. Chepe akadhani ni ya kuweka kwenye bia. Mzee akasema, "Yote, kwenye kikapu." Akavua kofia, akashuka chini. Goti moja sakafuni, pale kwenye maganda ya karanga, mguu mwingine ameunyoosha pembeni, mkono wa kushoto chini unagusa sementi. Kama wewe. Nilishtuka, ni kama wewe kabisa.

"Fello. Rusha. Chini."

La kwanza lilimpiga kwenye ugoko. Fello akaanza kuomba radhi, mzee akasema rusha. La pili likapita. La tatu lilikuja chini kabisa, mkono wake ukatoka sakafuni ukapanda, ukalikuta, ukasimama. Hakuutikisa. Akabaki hivyo na limau mkononi, anawatazama wote.

"Nani mwamuzi hapa?"

Kisha Chepe, nyuma ya kaunta, akasema, "Straiki, mzee."

Basi akataka kusimama, ikashindikana. Fello na mimi tukamshika kwapani tukamwinua. Alipokuwa anainuliwa akamwambia Secundino, "Goti bovu ni hili langu. Waandikie mabosi wako hilo."

Secundino aliacha bia yake nusu akaondoka. Simwonei huruma, lakini alikuwa anaamini kwamba amefanya wema, hilo nimeliona pia.

Goti la mzee limevimba, nimelifunga kitambaa cha maji ya chumvi. Ameshika kalamu mara kadhaa na kuiweka chini. Nadhani hatakuandikia. Mwandikie wewe.

Dada yako,
Minerva


Weller
20 Septemba 2023

Baba,

Naomba baraka yako. Hata ukichelewa kunijibu nitaihesabu kuwa umenipa.

Minerva ameniambia yote. Usijisumbue kuandika. Na lile goti liweke juu ya kiti, na mto chini yake, si kitambaa cha chumvi peke yake. Magoti nayajua kidogo.

Nilikudanganya kuhusu takwimu. Zilikuwa upande wangu. Nataka ujue hivyo kwa maandishi yangu mwenyewe, kwa sababu ni jambo zuri na nilikunyima. Kati ya wadakaji wote wa ligi yetu, kwa mipira ya chini, wa kwanza ni mwanao. Kirsten amenipa karatasi lakini sikutumii. Ni mistari tu, na wewe umeshaona kwa limau.

Juu sikufika, na sitafika. Hilo tuliseme mara moja tuliache. Klabu haijaniambia lolote kuhusu mwaka ujao, na wasipokuambia lolote Septemba wameshakuambia. Watu wanasema mashine zitaongezwa siku, halafu zitafika hadi ligi kuu. Kirsten naye anasema ile hesabu ya mikono iliyomchukua miaka itatupwa siku hiyo, itakuwa kama kujua bei ya farasi mjini. Tulikaa kwenye ngazi tukanywa soda, yeye na mimi, watu wawili waliobobea katika kitu kinachoondoka. Akanifundisha neno la Kiingereza la kuaga. Nikamwambia hilo nalijua tayari, akacheka.

Nina tiketi ya tarehe ishirini na sita. Usije uwanja wa ndege na hilo goti. Nitachukua gari mwenyewe.

Jumapili ni mchezo wa mwisho, na Jumapili ni siku ya mwamuzi. Kocha ameniambia nadaka mimi vipindi vyote. Nenda dukani. Wakikuachia kiti cha mbele kaa, wasipokuachia kaa hata hivyo. Mrushaji wetu wa siku hiyo anarusha chini sana, mipira ambayo kwa haki haistahili straiki. Ikija, usinitazame mimi. Mtazame yule mtu aliyesimama nyuma yangu, uone mkono wake wa kulia unavyoinuka.

Mwanao,
Radhamés